Tundu la Juu Ukutani

Mjukuu wangu Mugisha,

Hapa Ijumbi hatujambo. Babu yako anapalilia migomba huku akilalamikia goti. Nimeiona picha ya boksi la mbao uliloitengenezea mashine yako ya gemu. Unauliza kwa nini ndani kunachemka wakati feni umeifunga mbele.

Nikiwa msichana niliikandika stoo ya kahawa kwa udongo, nikaziba kila upenyo, nikabakiza mlango tu. Nilijivunia mno! Kahawa ikapata joto, ikaota ukungu. Mama hakunigombeza. Alichukua jembe, akautoboa ukuta wangu juu kabisa, akauliza, "Hewa imeingia. Itatokea wapi?"

Niliulilia ule ukuta. Stoo ya sasa ni ya tofali, na tundu nililipangia mahali kabla ya mlango.

Boksi lako ni zuri, mjukuu wangu. Litoboe nyuma.

Bibi yako anayekukumbuka