Saa Tisa ya Mama

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za kazi na za kile kifua chako, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: namwonea wivu binamu yetu hadi chakula hakinishuki. Haya, nimelisema. Sisi hapa tu wazima. Mama mguu umepoa, na baba anakohoa huku akiapa kwamba hakohoi.

Unakumbuka vifaranga wa safari iliyopita walivyofia ndani ya maganda, mama akakaa jikoni bila kuwasha taa. Mara hii hata jirani yetu fundi cherehani ametuletea trei yake ya mayai, kwa hiyo mama anaichunga inkubeta, lile sanduku la kuangulia mayai, kama kitanda cha mtoto mchanga. Anapima joto, ananitajia saa na nyuzi, nami naziandika kwenye kompyuta uliyotuachia, ndani ya kile kihariri ulichonifundishia kuandika programu. Ndiyo maana ananiita karani wangu. Alikuwa akiniita.

Binamu alikuja na begi dogo na mdomo mkubwa. Alinikuta nachora grafu ya joto kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, akaniuliza kama na kujumlisha huwa najumlisha kwa kokoto. Kisha akakaa kwenye kiti changu. Kihariri chetu kilikuwa kinaonyesha maandishi tu. Yeye akakichomekea plagini, vile viprogramu vidogo vinavyoipa programu kubwa ujuzi mpya. Sasa nikiandika namba upande huu, upande wa pili mstari unapanda na kushuka wenyewe, usiku umetiwa kivuli, mchana mweupe. Baba alivaa miwani kuja kutazama, na unajua havai miwani hata kusoma dawa zake. Mama akamwita injinia wangu. Wangu! Grafu yangu mama akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza ya inkubeta isicheze.

Kibaya zaidi, binamu ana roho nzuri. Alisema atanifundisha kuandika plagini. Nikamjibu kichwa kinaniuma.

Mstari wake ulionyesha kwamba joto hushuka saa tatu asubuhi. Mama aliguna, akasema yeye baridi huihisi usiku wa manane, halafu akajijibu mwenyewe kwamba mtu aliyekurupuka usingizini hawezi kubishana na kompyuta. Basi binamu akaitega hita iongeze moto kila siku saa tatu asubuhi, kuanzia kesho.

Dada, nilijua tangu mstari ulipotokea. Mama akiniambia saa tisa usiku, mimi huandika 9 basi, kwa kuwa tunaelewana. Plagini haimjui mama. Inasoma 9 ile ya Kiingereza cha darasani, yaani saa tatu asubuhi. Grafu iliyo chini ya mguu wa meza inaonyesha saa yenyewe, na mimi nikanyamaza. Nilitaka mama amwone injinia wake anavyoumbuka mbele ya trei zote. Niliufikiria uso wake tu, mayai sikuyafikiria, mpaka leo mama aliponiita, akaweka yai mbele ya tochi, na kitu kidogo mle ndani kikajigeuza. Akanikonyeza, kama zamani. Kesho hita itawaka juu ya joto la mchana, nacho kitaiva.

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Unanijua, maneno yangu hutoka kwa kalamu tu.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na yule mpishi wenu anayekuongezea mchuzi. Funika kifua ukitoka. Nasikia kandambili za mama, anakuja kunitajia joto la jioni. Tangu nianze kuandika nimeufunika ukurasa huu kwa kiwiko. Mama husoma polepole, lakini husoma.

Nimeondoa kiwiko.

Mdogo wako,
Karani