Mistari Miwili ya Chini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mtoto ananyonya kama anayekimbizwa, na shemeji yako anakusalimu sana.

Dada, nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe mwandiko. Fundi cherehani ninayemshonea vifungo leo ameninyang'anya sindano. Amesema niende nyumbani nikapoe kabla sijatoboa shati la mteja.

Kisa ni hiki. Unajua nilianza yale masomo ya jioni pale maktaba, maana shule niliiachia njiani. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alitufundisha ubeti uitwao takhmisa. Neno lenyewe lilinipiga chenga mdomoni. Akaeleza kwamba unachukua mistari miwili iliyotungwa na mwenzako, unaiweka chini, halafu unatunga mitatu yako ya kukaa juu yake, kwa vina vya ule wa kwanza wa mwenzako, ubeti ukawa wa mistari mitano. Nikapenda hiyo. Ni kama kumkuta mtu kabeba mzigo peke yake, ukashika upande wa pili.

Akasema zitakazopendeza zitabandikwa ukutani, pale mlangoni, kila apitaye asome. Yangu niliitunga huku nanyonyesha. Mistari miwili ya chini niliichukua kwa mtu nimpendaye, nitakutajia mbele. Mwalimu aliisoma, akapenga kamasi, akasema hii inakwenda ukutani. Nikaandika jina la mwenye mistari, kisha langu.

Jana nakwenda kuangalia, nakuta ubeti wangu una mistari mitatu. Ya chini imekatwa kwa mkasi, na jina la mwenyewe limekwenda nayo. Nikamfuata mkuu wa maktaba, yule tunayemwita Bwana Tai kwa jinsi asivyoivua hata jua likiwaka. Akanieleza, wala haniangalii, kwamba takhmisa hufanyiwa washairi wakubwa, watu wanaojulikana, na hilo jina nililoandika yeye hajalisikia popote. Nikamjibu hajalisikia kwa sababu hajawahi kufika kwetu. Wenzangu wakacheka. Mwalimu alikuwa pale pale, akajifanya anapanga chaki. Hilo nalo limeniuma.

Kisha, kama ananipa zawadi, Bwana Tai akasema, "Basi andika kwamba yote mitano ni yako. Nani atajua?"

Dada, masikio yaliwaka moto. Yaani mtu ni mdogo mno kutajwa, lakini si mdogo mno kuibiwa. Nikamwambia, "Mwenyewe yupo hai, na ana jina. Lake likitoka, na langu halikai hapa." Nikabandua karatasi, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka.

Sasa nikwambie ninaloogopa kukwambia. Mwenye mistari ni wewe.

Hukujua kwamba nilikusikia. Ilikuwa wiki ile tuliyomzika mwanao. Ulikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, unaanua vile vijinguo vyake, unaimba polepole. Mimi nilikuwa dirishani, nikakosa ujasiri wa kutoka. Tangu hapo sijakusikia ukitunga tena, wewe uliyekuwa ukitutungia kila kitu, hata kuku akipotea. Kisha mimba yangu ilipokua ukanipa nguo zile kwenye mfuko, bila neno. Mtoto anazivaa, dada. Kila asubuhi nikimvisha namwimbia mistari yako, na mitatu yangu ikaja yenyewe. Huu hapa ubeti mzima, haujaguswa na mkasi:

Tulia kwenye mbeleko, kukubeba kwanikosha,
Joto la mashavu yako, shingoni linanipasha,
Uamkapo kicheko, nyumba nzima chaamsha,
Nimefua nguo zako, jua limezikausha,
Njoo uzivae mwana, mama nimezikunjua.

Najua nilipaswa kukuomba ruhusa kwanza. Ukisema ubeti uondoke, nitauchana, na mtoto nitamtafutia wimbo mwingine. Ukisema ubaki, fundi ameshanipa nafasi ukutani kwake, juu ya kioo, mahali ambapo kila anayejaribu suruali lazima ainue macho. Jina lako litakuwa kubwa kuliko langu.

Lakini sikutaka kuchukua tu. Nami nimekutungia miwili, nimeiweka chini ya karatasi hii, na juu yake nimekuachia nafasi ya mitatu. Usiharakishe. Hata ukikaa mwaka, nafasi ni yako.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na ujifunike vizuri ukilala. 

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.

..............................................
..............................................
..............................................
Mwanao kaota meno, mawili yote ya chini,
Njoo upate kung'atwa, mama mkubwa, shavuni.