Doli Nimemtia Macho

Ijumaa, Jeddah. Joto la kunata, hata nguo kwenye kamba hazikauki.

Basi macho ya doli nikayashona kwa uzi mweusi, ule wa kofia. Pua kidogo, mdomo kidogo. Nikaona nimefanya la maana!

Andika hivyo hivyo, Mercy, usinipambie. Mercy ndiye mpishi wa nyumba hii, blogu ni yake, iko kwenye simu. Mimi kalamu sikufundishwa, nasema tu.

Doli mwenyewe katoka Amerika. Madam alitembea huko na mumewe, akamnunulia binti yao Lulu. Wao kazi zao ziko Riyadh, mtoto wamemwacha hapa kwa bibi yake, Hajja, na mimi ndiye mlezi. Dereva akamleta doli juzi. Namfungua: kanzu ndefu nyeusi, kofia nyeupe ya kufungwa kidevuni, na uso hakuna. Kitambaa kitupu! Nikasema hawa wa dukani wamechoka, wameuza kazi nusu.

Lulu akamkumbatia, akalitazama buibui langu jeusi. Akaniambia, "Mama Asha, huyu ni wewe."

Mimi? Bila macho?

Ndipo nikachukua sindano. Kofia nimeshona tangu nina meno ya utoto, marehemu mama alikuwa akikosea tundu moja anafumua yote... tuyaache hayo.

Leo asubuhi madam kapiga simu ya video, akanisimulia kile kijiji alikomnunua. Nilishtuka mpaka nikakaa chini. Mimi nimepelekwa Olaya, pale Riyadh anapokaa madam, nikaona maghorofa ya vioo mpaka shingo ikauma, nikajua Amerika ni Olaya mara mia. Kumbe kuna kijiji cha zamani, nyumba za mababu, watu wanapanda magari ya farasi! Stima hawana. Na si kwamba imekatwa kama kwetu Likoni. Hawaitaki! Wanawake wamejifunika vichwa. Wazungu hao!

Kupigwa picha hawapendi. Na doli hawamtii uso, mtu asijione bora kuliko mwenzake mbele ya Mungu.

Makusudi, Mercy.

Halafu madam akasema, "Nilifurahi kumpata, maana mama hataki kitu chenye uso chumbani anaposali." Na Lulu analala chumba hicho hicho cha Hajja. Na doli wake.

Hapo nikaona nimejichongea.

Maana madam anashuka na ndege leo, na mume wake atatia sahihi ruhusa yangu ya kwenda Mombasa. Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao. Nimemlea mimi yule, nani mwingine atamsinga mwili kwa manukato? Lakini humu ndani Hajja akisema mafi, yaani hakuna, ni mafi, hata baba Lulu hathubutu. Akikasirika, harusi naitazama kwenye simu.

Mercy anacheka. Eti, "Shosho, bibi yangu, si ufumue tu! Nani atajua?"

Nilijaribu, mwanangu. Lulu kapiga ukelele, kamziba doli macho kwa kiganja, eti namtoboa. Nikairudisha sindano kwenye kopo. Tangu hapo nazunguka humu jikoni kama kuku anayetaka kutaga.

Ngoja. Hajja huyo, ameamka.

"Ya Asha! Taali hapa! Nani amempa huyu macho?"

Umesikia? Mungu wangu. Mercy ananinong'oneza niseme ni Lulu. Astaghfirullah, nimsingizie mtoto mdogo, mimi na mvi zangu?

Nitasema ni mimi. Nitamwambia mtoto alisema doli ni mimi, nami sikupenda anibebe sioni. Akitaka kukasirika, akasirike akijua.

"Naja, Hajja! Naja!"

Shika simu yako, Mercy. Hebu nipe ule mkasi, pengine ataniambia nifumue pale pale.

Hapana. Uache hapo. Naenda mikono mitupu.