Nguo za Shangazi Zinafumuka Zenyewe

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijajidunga sindano kwa mawazo. Mimi ni fundi cherehani, nashona pamoja na shangazi yangu aliyenilea na kunifundisha kazi, na siku hizi watu wananunua nguo zilizo tayari, cherehani tumebaki kutazamana nazo, hadi nikapata kazi kiwandani, kushona kola tu, kola asubuhi kola jioni, lakini mshahara upo, nikamwambia shangazi naanza mwezi ujao. Akasema, "Nenda mwanangu, riziki hufuatwa," akainamia pasi yake. Basi toka siku ile majirani wanamiminika na nguo za kurekebisha! Muuza mkaa na sketi, kinyozi na shuka, nikafurahi nikijua kazi imerudi, mpaka nilipoigeuza ile sketi nikaitambua, ni ya shangazi, ya bluu, aliivaa siku niliyomaliza shule. Na haikuchanika, mshauri, maana nguo ikichanika kweli kitambaa huachana nyuzi, hii imefumuliwa mshononi kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kitambaa hakikuguswa. Anazifumua mwenyewe nyumbani, anawapa majirani waniletee, ili nisiondoke. Nampenda mpaka nalia, lakini mapenzi hayalipi kodi ya chumba. Juzi muuza mkaa karudi na suruali za mumewe zipunguzwe kiuno, kinyozi naye kaleta koti lililoharibika zipu, nawashonea huku kichwa kinaniuma. Nimwambie nimejua? Niende au nibaki?

Mimi, Fundi Kola Mtarajiwa

*

Mwanangu, futa machozi, utalowesha kitambaa cha watu. Shangazi yako ni mwongo, na sijaona uongo wenye huruma kama huo. Ila na wewe macho yako yanaona mshono, hayaoni mteja. Zile suruali na lile koti umevitaja juu juu, unakimbilia kulia. Hebu niambie, hivyo navyo kavifumua shangazi? Au ana mume wa muuza mkaa kabatini?

Majirani walikuja kwako kwa hila, wakaiona kazi yako, wakarudi na nguo zao wenyewe. Nguo ya dukani haijui kiuno cha mtu, mwanangu. Anayeinunua leo, kesho anatafuta wa kumpunguzia. Nyie mmekaa mnamngoja mwenye suti, na mwenye zipu mbovu anapita mlangoni hajui kama mnapokea.

Kwa hiyo andikeni mlangoni, kwa herufi kubwa: tunapunguza, tunapanua, tunabadilisha zipu. Kiwandani omba wakusogezee tarehe. Mkijitahidi kweli na kodi bado haitoki, nenda kashone kola bila kuona haya, na shangazi asikulilie.

Lakini kwanza ishone hiyo sketi vizuri, umpelekee kwa mkono wako, usimpitishie muuza mkaa. Akijifanya kushangaa umejuaje, mkumbatie, umwambie ni yeye aliyekufundisha kwamba fundi hachani nguo, hufumua.