Tiketi ya Kusindikiza

Tokyo, Ujapani
Majira ya mvua za huku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka mbali sana, maana huku tukiwasha taa za jioni, ninyi huko Mkunya jua liko utosini. Goti lako linaendeleaje? Mikorosho imeshatoa maua? Na ming'oko mnachimba, au mmewaachia nguruwe mwaka huu? Nikikumbuka ming'oko ya kuchemsha natamani kulia, mtu mzima mimi.

Anselmi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole wala usiruke mahali. Nakujua.

Mimi mwili ni mzima. Kazi iliyonileta, ya kujifunza useremala wa huku ili nikawafundishe vijana wetu wa misheni, inakwenda. Misumeno yao hukata ukivuta, siyo ukisukuma kama yetu, na mwanzoni nilivunja meno ya msumeno wa mwalimu wangu, naye akacheka tu. Wenyeji wangu ni watu wa kanisa letu. Mwenye nyumba anafundisha chuoni kwetu, anajua Kiingereza, ndiye mdomo wangu na masikio yangu. Mkewe nilishindwa kulitamka jina lake, basi namwita kama tunavyoita sisi, Mama Michiko, na sasa hata majirani wanamwita hivyo. Michiko ni binti yao, rika moja na kitindamimba wa dada Tekla.

Lakini uliniuliza kama nimezoea. Sijazoea, Mama. Naogopa. Nilitaka kukuficha, ila limenipata jambo, nami sina mwingine wa kumwambia.

Ninachokiogopa ni stesheni. Usicheke kwanza. Mtaa tunaokaa ni wa nyumba za mbao zilizobanana, nguo zinaanikwa juu ya vichwa vya watu, na kila baada ya kamwendo kadogo pana stesheni. Zote zinafanana kama mayai. Kila moja ina kengele pale reli inapokata barabara, muuza samaki, baiskeli zimeegemezwa ukutani, na bomba refu la moshi la nyumba ya kuogea mtaa mzima. Maandishi yake mimi siyasomi. Asubuhi watu wote wa mtaa wanakwenda mjini kazini kwa wakati mmoja, na wapo vijana wameajiriwa kuwasukuma watu mgongoni ili mlango wa treni ufungike. Siku ya kwanza nilidhani wanapigana, nikataka kuwaamua. Nikasukumwa na mimi. Nilibebwa juu juu, miguu haigusi chini, kifungo cha koti kikakatika. Nikausikia moyo wa mtu unapiga mgongoni kwangu, na hatujaamkiana. Hakuna anayemwamkia mwenzake humo, Mama. Ni kimya tu. Kile kimya ndicho kinachonitoa jasho kila asubuhi, tangu nilipofika mpaka leo.

Sasa sikiliza. Mama Michiko alijifungua mtoto wa kiume, na mama yake mzazi akatoka shamba kuja kumwuguza, kama mnavyofanya huko. Huyo bibi tulipatana. Alikuwa ananishika mkono anautazama, halafu ananiongezea wali. Siku zake za kurudi kwao zilipofika mvua ilikuwa inanyesha, mwenye nyumba yuko chuoni, na mzazi hawezi kutoka na kichanga. Nikasema kwa ishara, mimi nitamsindikiza. Michiko akalia naye anataka kumsindikiza bibi yake. Mama yake akanitazama, akamtazama mtoto, akamvika viatu vyake vyekundu vya mpira na kuuweka mkono wake ndani ya wangu. Ndivyo alivyonikabidhi.

Pale getini bibi alinikatia tiketi ndogo. Nilikuwa nimeshaelezwa habari zake, kwamba ni ya mtu asiyesafiri, anayeingia ndani kumsindikiza mwenzake tu. Nilifurahi siku ile, Mama. Nikajiambia, kumbe hata hawa wanajua kusindikiza, mpaka wametengeneza tiketi yake. Yule wa getini akaitoboa kwa mkasi wake, tukapita.

Unaikumbuka stesheni ya Masasi, siku tulipomsindikiza mjomba alipokuwa anakwenda Mtwara? Treni ilikuwa imelala pale tangu asubuhi. Tuliingia wote behewani tukaketi naye, ukamfungulia muhogo wa kuchoma, dereva akaja akaomba kipande. Ilipopiga honi tulishuka taratibu, na dada Tekla aliyekuwa bado anatafuta kiatu chake chini ya kiti walimngoja. Hiyo ndiyo treni niliyokuwa nayo kichwani.

Bibi alikuwa na furushi zito, kitambaa kimefungwa mafundo. Treni ilipokuwa inakuja niliona mtoto asikaribie reli. Nikafanya ulichokuwa ukinifanyia wewe pale juu ya mteremko, ulipokuwa unashuka bondeni kuchota maji. Nilichukua mwavuli uliokuwa unachuruzika, nikamzungushia Michiko duara la maji sakafuni, chini ya paa, nikamwachia mwavuli, nikamwambia ngoja. Mchezo huu anaujua. Nyumbani kwao namchorea mavumbini nikienda kuleta randa yangu, na sharti namwekea lile lile lako, kwamba hatoki mpaka aliyechora arudi afute kwa mguu.

Milango ikafunguka yenyewe. Nikamshika bibi mkono, nikaingia naye, nikamtafutia mahali, nikalipandisha furushi kwenye chanja la juu ya viti. Nikageuka nimuage vizuri, maana mtu mzima humuagi kwa mgongo. Nilikuwa bado nimeinama mbele yake niliposikia milango imejifunga nyuma yangu.

Nilimwona Michiko kwenye kioo. Alikuwa amechuchumaa ndani ya duara lake, ananitazama. Halafu akapita, Mama. Nguzo zikapita, muuza samaki akapita.

Nilipiga kioo. Nilipiga kelele kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili, kana kwamba kimoja kisipofaa kingine kitafaa. Watu walirudi nyuma wakaniachia nafasi, na ndani ya treni ya huku kuachiwa nafasi ni jambo la kutisha. Bibi naye alielewa, akashika kifua. Nikasema moyoni, haidhuru, stesheni ijayo nashuka nakimbia. Stesheni ijayo ikaja, treni haikusimama. Ikaja nyingine, ikaipita vile vile. Kumbe ilikuwa ile ya mwendo wa haraka, inayochagua pa kusimama. Kila stesheni iliyopita niliona inamwongezea yule mtoto umbali. Nikajishika kwenye bomba la mlangoni, nikawaza mambo ambayo sitayaandika.

Ikasimama mwishowe. Bibi alibaki anaelekeza kidole, nenda, nenda. Nikavuka daraja, nikaingia treni ya upande wa pili, na hii sasa ikawa ya kusimama kila mahali. Kila iliposimama nilijiuliza, ndiyo hapa? Nikaona bomba la moshi la nyumba ya kuogea, nikaona samaki, nikaruka nje. Hapakuwa penyewe. Jukwaa lilikuwa na watu, lakini hapakuwa na duara, hapakuwa na viatu vyekundu, na treni ilikuwa imeshaondoka.

Hapo akanijia mtu wa stesheni, amevaa glavu nyeupe, akaitazama tiketi yangu. Tiketi ya kusindikiza, ya stesheni nyingine. Nikafikiri, nimekwisha. Mtu mweusi, analia, amesafiri bila ruhusa, anataja jina la mtoto wa kike wa watu. Kama ningekuwa mimi ni yeye ningeita polisi. Pasi yangu ya kusafiria, ya Mwingereza, ilikuwa nyumbani sandukuni, na hata ningekuwa nayo ingesema nini?

Nikamwambia, Michiko, Michiko, nikamwonyesha kimo chake. Nilisimamisha kiganja, vidole juu, kama tunavyopima mtu. Yule bwana akasimama pale pale alipo. Nikasogea nikarudia, yeye akarudi nyuma hatua. Kumbe kwao kiganja kilichosimama maana yake ni simama hapo hapo. Nikazidi kumsimamishia kiganja, naye anazidi kusimama, na mtoto yuko peke yake. Nilimwona mtu mmoja jukwaani, anamwonyesha mwenzake urefu wa kijana wake kwa kulaza kiganja, kama sisi tunavyopima mbuzi mnadani. Mama, nisamehe, na Michiko anisamehe. Nililaza kiganja changu juu ya kichwa cha mtoto asiyekuwepo, nikampima kama mbuzi.

Akaelewa papo hapo. Uso wake ulibadilika. Akanishika mkono tukakimbia mpaka chumba chenye simu, akazungumza, akasikiliza, akazungumza tena. Mimi sikuelewa hata neno moja. Nilikuwa natazama mdomo wake kama mgonjwa anavyomtazama mganga. Alipoweka simu hakutabasamu, hakusikitika, alinirudisha jukwaani tu, treni ilipokuja akamwambia kitu kondakta, akanisukuma ndani kwa glavu zake. Kwa hiyo njia nzima sikujua. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini na behewa lilijaa. Nilisali sala zote, hata za mavuno.

Kondakta alinigusa bega, nikashuka.

Jukwaa lilikuwa limejaa watu, wanamiminika kuelekea getini. Lakini mahali pamoja walikuwa wanapinda, wengine kushoto, wengine kulia. Nikawapenya. Stesheni masta wa pale, mzee mwenye kofia nyekundu, alikuwa amesimama ameshika mwavuli wangu, na mbele ya miguu yake Michiko amechuchumaa. Baadaye mwenye nyumba alinieleza alivyosimuliwa. Walitaka kumpeleka ofisini akae kitini, wakampa na peremende. Alikataa. Walipojaribu kumbeba alipiga mayowe, akaonyesha sakafu kwa kidole. Yule mzee akatazama sakafu, akaona alama ya maji. Hakujua ni nini, ila aliona mtoto anaijua, basi akasimama naye, akawa anawageuza watu kwa mkono ili wasipite juu yake.

Nilipofika, maji yalikuwa yameshakauka. Sakafu ilikuwa nyeupe. Nilipiga magoti nimkumbatie, naye akanizuia, akaelekeza chini. Sikuona kitu pale, Mama, lakini yeye alijua mstari ulipo. Nikanyanyuka, nikafuta kwa kiatu, kuzunguka pote, kama ulivyokuwa ukifuta wewe. Ndipo akatoka. Akaniulizia bibi yake kwa neno moja, nikaitikia kwa kichwa, akanipa mkono twende nyumbani.

Sikuficha. Jioni ile nilimweleza mwenye nyumba yote, naye akamweleza mkewe maneno yangu moja moja. Mama Michiko alikuwa ananyonyesha. Machozi yalimshuka, hakunitazama. Nikajua kesho nafunga sanduku. Asubuhi nikavaa viatu mlangoni, akaja na Michiko amevaa vyake, maana baba yao alikuwa ameondoka amesahau mwavuli na mvua ilikuwa inaanza tena, tumkimbilie nao stesheni. Akauweka mkono wa mtoto ndani ya wangu. Wake ulikawia kuuachia, na wangu ulikawia kuushika, na ule mdogo katikati umetulia tu.

Tangu siku hiyo hofu yangu imeongezeka, haikupungua. Nikisikia kengele ya treni natafuta kichwa cha mtoto kwa mkono. Natazama milango kama mtu anavyotazama nyoka. Wataniambia nitazoea, lakini sijui kama nataka kuzoea.

Na ndiyo sababu ya barua hii. Mimi nilidhani lile duara la mavumbini ni la mtoto. Nilikuwa nakaa humo nachezea vijiti, nahesabu sisimizi, sina wasiwasi hata chembe, maana nilijua utarudi. Dada Tekla aliwahi kuniambia ulianza kulichora baada ya yeye kukufuata kimya kimya akapotea kwenye mteremko, na watu wakamtafuta mpaka wakachoka, wakati ule simba walipokuwa wanasumbua. Nilisikia, nikasahau, nikaona ni hadithi yake ya kujisifu. Sasa nakuuliza nami nimeshakuwa upande wa pili wa mstari. Ulikuwa unashuka na mtungi njia yote ile, unangoja zamu yako kisimani, unapanda tena na maji kichwani huwezi hata kugeuza shingo. Mama, ulikuwa unaogopa hivi kila siku?

Nisalimie Baba Mkubwa, fundi wa paa la kanisa, mwambie nimemwekea msumeno wa kuvuta. Nisalimie dada Tekla na wanawe, na yule wa mwisho mumbusu kwa ajili yangu. Nisalimie mwalimu wangu wa zamani wa Chiwata, na mama mlezi wangu wa ubatizo kule Newala, mwambie msalaba alionipa ninao shingoni. Wanaozungumza habari za Uhuru waniwekee nafasi barazani.

Anselmi, ukifika hapa mpe Mama muda ajibu, na uandike atakavyosema yeye, usimpambie.

Mimi mwanao uliyemwacha ndani ya duara ukamkuta,
Benedikto