Shikuku Ameisalimisha Bastola

Kaka Ambani,

Siwezi kungoja hadi nije kaburini kwako. Lazima nikwambie sasa hivi: Shikuku ameisalimisha bastola! Shikuku wako, yule mliyekuwa mkicheza naye mpira hapa Shirere mpaka Mama awafukuze mkaoge.

Ngoja nianze vizuri. Tangu upigwe risasi, nimekuwa mhudumu wa afya ya jamii. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikizimia nikiona damu! Muuguzi wetu pale zahanati anatuambianga kwamba risasi huambukiza kama kipindupindu. Mmoja akiumizwa, usimtibu yeye peke yake. Kimbilia walio karibu naye kabla hasira haijawashika. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya semina tu.

Basi juzi mdogo wake Shikuku akapigwa risasi begani. Yuko hospitalini, anaendelea vizuri. Lakini Shikuku alikuwa ameshaazima bastola, na aliyempiga mdogo wake alikuwa anamjua kwa jina. Nikampigia simu Juma. Unamkumbuka, yule mkubwa wa genge, ambaye tukimwona tulikuwa tunabadilisha njia? Alitoka jela, sasa tunafanya kazi pamoja. Vijana wanamsikiliza kwa sababu amepita walipo.

Tulimkuta Shikuku akivaa viatu atoke. Juma akaketi mlangoni, pale pale kizingitini, akaziba njia. Shikuku akanigeukia mimi.

"Ambani alipouawa mlikuwa wapi?"

Kaka, hilo swali lilinikata. Nikamjibu tu ukweli: "Nilikuwa jikoni, nikimsongea ugali. Hakuja kuula."

Shikuku akajiachilia chini kando ya Juma, kiatu kimoja mguuni, akalia. Alilia, Kaka! Tulikaa naye mchana kutwa, kisha tukampeleka hospitalini. Mdogo wake alimshika shati akamwambia, "Ukifungwa, nani atanirudisha nyumbani?"

Leo asubuhi tumeenda naye kwa chifu kuipeleka ile bastola. Chifu alikuwa ameahidi kwamba anayeleta silaha kwa hiari hakamatwi, lakini mimi bado niliogopa. Hakumkamata. Amempa mkono! Njiani kurudi Shikuku akatuuliza kama na yeye anaweza kujiunga nasi.

Mama amechinja kuku, ingokho kabisa. Tangu tukuzike sijamsikia akiimba jikoni. Leo anaimba, tena kwa sauti, na majirani wanachungulia.

Subiri, simu inaita.

Ni Shikuku. Anasema kuna vijana wameshikana mashati huko stendi na mmoja ameenda kuita wenzake. "Mimi niko njiani, dada, usichelewe."

Kaka yangu, pumzika. Wewe hatukukuwahi. Hawa tutawawahi, nakuahidi.

Naenda.

Dada yako,
Muhonja