Tangazo kwenye Vumbi la Malori

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba, shikamoo yako ya kwenye simu imenifikia hapa Mbuba. Bibi yako hajambo, anaanika maharage. Unauliza kama uendelee kuitangaza timu yetu mtandaoni, maana kila mwaka inakaribia kupanda daraja halafu inabaki palepale.

Nilipokuwa kijana tuliwahi kubakiza mechi moja tu, na ilikuwa lazima tushinde. Tulitaka uwanja ujae, lakini hata kipaza sauti hatukuwa nacho. Basi tukaenda Rusumo mpakani, malori yanakosubiri forodha, tukaandika kwa vidole kwenye vumbi la milango ya nyuma: “Jumapili, mpira Mbuba, njooni.”

“Vijana, mnanichafulia gari?” dereva mmoja akauliza.

“Tunakusafishia, mzee. Hizo herufi tu ndizo safi.”

Akacheka, akaondoka. Tukalitazama tangazo letu likikwea mlima polepole hadi likaingia kwenye ukungu. Wewe simu inakuonyesha waliosoma. Sisi tulibaki kuwaota.

Jumapili watu walikuja, hata kutoka Nyarubungo, kule Biharamulo. Tukatoka sare, hatukupanda.

Nahodha wetu alikaa chini akilia. Mama mmoja wa Nyarubungo akamwinamia. “Mwanangu, mwakani mnacheza lini? Tangazo nililiona kwa bahati tu, lori liliposimama kununua ndizi.”

Nahodha akafuta uso. “Mwakani tutaandika mapema, mama.”

Ni mimi babu yako, bado shabiki.